Mimi Nilitengeneza Meza

Somoe mwanangu,

Umeme umekatika tangu saa sita, na Keko nzima imenyamaza mpaka nasikia kuku wa mama lishe wanavyoparua maranda nje ya karakana. Wewe umekwenda Mbagala kumuaga shangazi yako Fatu. Mama yako yuko nyumbani analipanga begi lako kwa mara ya tatu. Mie nimekaa kwenye benchi langu na penseli ya kupimia mbao, kwa hiyo ukiona maandishi mazito ujue ni penseli, si hasira.

Sikuandikii habari za kula wala za kuvaa. Mama yako ameshaweka masweta manne, utadhani Arusha hakuna maduka. Mambo ya kuswali, ya marafiki, ya kujilinda, umeyasikia miaka ishirini na tatu, na yasiyoingia mpaka sasa hayataingia kwa barua. Kesho alfajiri nitabeba begi mpaka kwenye basi, nitagombana na kondakta kuhusu mahali pa kuliweka, nitakwambia ufike salama, basi. Najijua. Jambo lenyewe litabaki kooni na basi litaondoka.

Jambo lenyewe unalijua. Nilikufanyia ulipokuwa na miaka kumi na minne, hapa hapa karakana, na hatujawahi kulizungumza hata siku moja. Sitaki uende kuanza kazi ya kuunda vitu vya watu kabla baba yako hajalisema kwa mdomo wake, au tuseme kwa penseli yake.

Naomba nianzie mbali kidogo. Wewe babu yako unamjua kwa picha tu. Alikuwa mchonga vinyago kule Newala, kazi yake mpingo. Akiwa anachonga hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia, hata bibi yako. Jioni anafunika kazi kwa gunia, asubuhi anaifunua peke yake. Siku imekwisha, imepigwa msasa, imepakwa rangi ya viatu mpaka inang'aa, hapo ndipo anaita watu. Na watu wakifika hawana la kusema isipokuwa hongera. Nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo fundi mwenye heshima anavyoonyesha kazi.

Nikaja na tabia hiyo Dar. Nilianza kutengeneza vitanda hapa Keko nikiwa kijana, na mteja akipita kuangalia kabati lake kabla halijapigwa vanishi, nilikuwaga namtimua. Wenzangu walikuwa wananicheka, wanasema Fundi Bakari anatengeneza kabati utadhani kafungia mwali ndani. Mie nilijiona bingwa.

Sasa shangazi yako. Unakumbuka vidole vyake vya zamani? Yeye na majirani zake walikuwa wanabangua korosho pale uani, wamekaa kwenye mkeka, miguu wameinyoosha, jiwe chini na jiwe juu. Yale mafuta ya ganda yanababua, ngozi ya vidole inatoka kama ganda la kitunguu. Idi moja nikamkuta hajapaka hina. Nikamuuliza kulikoni, akanionyesha vidole, hapakuwa na pa kuipaka. Nilirudi nyumbani nimenuna. Mie fundi mzima, nina misumeno na mbao, dada yangu wa tumbo moja anaungua mikono.

Nikatengeneza mashine. Miezi miwili, chini ya turubai, hakuna ruhusa ya kuchungulia. Meza ya mninga, kisu cha chuma juu yake, na pedeli chini kama ya cherehani: unakanyaga, kisu kinashuka, ganda linapasuka. Vanishi niliipiga mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Niliijaribu kwa korosho nilizozichagua mwenyewe, zote za ukubwa mmoja, maana sikutaka iniaibishe. Tukaipakia kwenye guta mpaka Mbagala, na wewe ukiwa umekaa juu yake ukishikilia isichubuke. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu.

Akina mama walipiga vigelegele. Shangazi yako aliniombea dua mpaka nikaona haya. Nikauliza, ina tatizo lolote? Wakasema haina tatizo hata kidogo, fundi, kazi nzuri mno. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Idi iliyofuata nikaenda kuwasalimu. Naingia sebuleni, nakuta mashine yangu imewekwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake televisheni, na pembeni maua ya plastiki. Nje uani nasikia mawe yanagongwa. Nilipomuuliza, Fatu akasema, kaka, kitu kizuri hivi naogopa kukichafua. Na mie, mwanangu, niliamini. Wallahi niliamini. Nilirudi hapa nikawatangazia mafundi wote kwamba mashine yangu ni nzuri mpaka watu wanaogopa kuitumia.

Wewe ndiye uliyenipa ukweli, ukiwa umesimama pale mlangoni na sare zako za shule. Ulisema hawaitumii kwa sababu ya pedeli. Wale wamezoea kukaa chini. Ukiwapandisha kwenye stuli na kuwaambia wakanyage, mguu unapanda, khanga inafunguka, na ua wenyewe uko kando ya njia ya watu. Shangazi yako angemwambiaje kaka yake jambo la namna hiyo? Alikwambia wewe mkiwa mnaosha vyombo. Ukaongeza na la pili, kwamba korosho kubwa zinasagika kwa sababu kisu kinashuka kwa kipimo kimoja tu.

Kila ulilosema lilikuwa kweli. Na mie nikakujibu, mbele ya mafundi wote, "Wewe umeshawahi kushika randa?" Wakacheka. Uliokota maboksi matatu yaliyokuwa yametupwa pale nje, ukaondoka nayo.

Nilidhani unakwenda kuyachezea. Kumbe ulikuwa unakwenda kufanya kazi ambayo mie sikuwahi kuifanya maishani mwangu. Kila Jumamosi ulikuwa unakwenda kwa shangazi yako na kitu cha maboksi kilichobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, unarudi kimechanika, unaanza kingine. Nyumba ilijaa vipande. Nikamwambia mama yako mtoto huyu anatuletea panya.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mbuzi. Mama yako karudi sokoni na nazi zake, anavuta mbuzi yake akae akune, anakuta haina jino. Mbuzi aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, imetoka Lindi, imekuja naye mpaka Temeke. Ulisemwa siku ile mpaka nikakuhurumia. Tulikula maharage yasiyo na nazi wiki nzima, na kila jioni tukiwa tunakula mama yako alikuwa anaangalia sahani halafu anakuangalia wewe.

Lakini wewe ulikuwa umeona kitu ambacho kilikuwa jikoni kwetu miaka yote. Hakuna mwanamke wa huku asiyejua kukaa kwenye mbuzi. Anajua khanga aibane vipi, mguu auweke wapi, na uzito wake mwenyewe ndio unaoushikilia ubao usitikisike. Haina haja ya meza. Ukatoa jino, ukaweka kisu, ukaweka mpini wa kuvuta kwa mkono, na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili kisu kijirudie chenyewe juu. Ilikuwa mbaya ile mashine, Somoe. Misumari imetokeza, mistari ya penseli imekatwa na kuandikwa upya mara tano, pembeni umekaza kipande cha bati la kopo la maziwa. Mie ningeona aibu hata kuipitisha barabarani.

Hili hujawahi kulijua: Jumamosi moja nilikufuata. Mvua ilikuwa imetanda, nikasema nikamchukue mtoto. Nilipofika nje ya ua wa shangazi yako nikasikia kelele, nikasimama nyuma ya bati. Wale wale akina mama walionipigia vigelegele walikuwa wanaitukana mashine yako. Mmoja anasema mpini unamgonga goti. Mwingine anasema yeye anatumia mkono wa kushoto, sasa umemtengenezea nani? Fatu anasema kisu kiko mbali, kisogeze, aah, sasa umekisogeza mno. Wanacheka, wanagombea kuikalia, na wewe umechuchumaa na daftari unaandika kila kitu. Nikakusikia unawaambia, "Iharibuni, nitatengeneza nyingine."

Nilisimama pale mpaka nikalowa. Mie walinipa hongera, wewe walikupa ukweli. Na tofauti haikuwa umri wala ujanja. Yako ilikuwa mbaya, imejaa mistari iliyokatwa, kila mtu aliona bado haijaisha na bado kuna nafasi ya neno lake. Yangu ilikuwa inang'aa, nani angethubutu?

Ningetakiwa niingie ndani nikukumbatie. Niliona wivu. Nasema hivyo hivyo bila kupindisha: nilimwonea wivu mtoto wangu wa kumzaa. Nikageuka nikarudi nyumbani peke yangu, na wewe ukaja baadaye umelowa chapachapa.

Ulipomaliza ule ubao wa mwisho ukaniletea, nikautengeneza kwa mbao nzuri. Nilibadilisha mpini ukawa wa chuma, nikaweka bawaba imara na springi badala ya mpira. Hiyo ndiyo kazi yangu mie, hakuna zaidi. Vipimo vyote vilikuwa vya daftari lako. Kisha nikapasha moto ile chapa yangu nikagonga pembeni: Fundi Bakari, Keko.

Mashine ikafanya kazi. Unajua ilivyoenea, kutoka Mbagala ikaenda mpaka Mtwara. Ndipo wakaja wale wageni, wawili kutoka ofisi moja ya viwanda vidogo na mama mmoja mfanyabiashara wa Mbezi Beach aliyetaka kuagiza nyingi. Walikuwa na kamera. Wakauliza ni nani aliyebuni. Wewe ulikuwa unatoka pale kwa mama lishe na sinia la soda, umefika karibu yangu kama hatua mbili. Nikasema, "Nimebuni mwenyewe. Nilikaa nikafikiria sana."

Ulisema, "Karibuni soda." Ukawapa mmoja mmoja, ukaanza na mgeni mkubwa kama tulivyokufundisha, ukaniletea na mie ya kwangu, umepiga goti. Sikuweza kuinywa. Likizo ile yote hukukanyaga karakana. Nilimwambia mama yako kwamba unasoma. Akasema, "Muulize." Sikukuuliza.

Miaka tisa, Somoe. Na katika miaka hiyo tisa hujanirudishia hata neno moja. Ulirudi karakana mwenyewe, shule zilipofunguliwa, ukaanza kufagia maranda kana kwamba hakuna kilichotokea. Ulipoanza chuo cha ufundi ulikuwa unakuja na michoro yako unaniuliza mie, baba, bawaba hii itahimili? Ukaniachia nijione bado nina cha kukufundisha. Ahsante kwa hilo. Sijui kama mie ningeweza.

Ahsante pia kwa kunibadilisha bila kunisema. Unamkumbuka yule bwana wa Sinza mwenye nyumba ya wageni? Nilikuwa nimeshakata mbao za makabati yake yote, wewe ukaniomba tu tupeleke milango ya maboksi kwanza. Tulipoisimamisha chumbani ikagonga kitanda. Yule bwana akacheka, akasema afadhali tumegonga na boksi. Tangu siku ile sijatimua mteja. Sasa hivi nawaita mwenyewe mbao ikiwa bado ina vumbi, nawapa penseli, nawaambia semeni. Wengine wanasema mpaka wananikera. Nanyamaza, naandika.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu. Sikukwambia. Alikuwa yule mama wa Arusha atakayekuwa mkubwa wako wa kazi. Akanisalimu vizuri, akasema tayari wamekupenda, ila kuna kitu anataka kukielewa. Kwenye usaili walikuuliza kama umewahi kuunda chombo ambacho watu wanakitumia, ukawajibu kwamba baba yako alitengeneza mashine ya kubangua korosho na wewe ulimsaidia. Akataka kujua, ulinisaidia kufanya nini hasa?

Ulimsaidia baba. Ulikuwa unatafuta kazi yako ya kwanza, umeulizwa swali ambalo jibu lake lingekufungulia mlango wenyewe, na bado ulinifunika.

Ningeweza kusema ulinishikia mbao. Grainda ya jirani ilikuwa inalia, vijana wa karakana wako pembeni wanasikiliza. Nikamwambia, "Mimi nilitengeneza meza. Mashine ni ya Somoe." Akauliza meza gani. Basi nikamhadithia yote, televisheni na kitambaa na maua ya plastiki, kwa sauti, na vijana wote wakaacha kazi. Yule mama alicheka, halafu akasema ahsante, mzee. Nilipokata simu, fundi mmoja alinisogezea kiti.

Usidhani kazi umeipata kwa simu ile. Walishakuchukua kabla, yeye mwenyewe alisema. Simu ile ilikuwa ya kunisaidia mie.

Jumamosi yake nikaenda Mbagala kumwambia shangazi yako. Nilijiandaa njia nzima, nimepanga maneno. Nikamwambia, Fatu, ile mashine si mie niliyeibuni. Alikuwa ameikalia, anabangua. Hakusimama hata kidogo. Akasema, "Kaka, sie tunaiita Somoe tangu siku ya kwanza. Ulidhani hatujui?" Na kweli, jirani yake akapita akamwambia ukimaliza kwenye Somoe nipishe. Miaka yote hiyo nilikuwa nagonga chapa yangu kwenye kitu chenye jina la mwanangu, na Mbagala nzima inajua, wananiamkia shikamoo fundi, wananyamaza. Tuna adabu sana watu wa kwetu. Adabu nyingine inamwacha mtu na ujinga wake miaka tisa.

Samahani, mama. Samahani kwa lile la randa mbele ya watu, samahani kwa mvua, na samahani kwa soda ile. Sitaki unijibu kwa adabu. Ukifika huko, ukikaa ukaona kuna neno kali la kuniambia, nipigie uniambie. Mie sasa ni mbao yenye vumbi, nafasi ipo.

La mwisho. Juzi nilimuuliza mama yako kama anakumbuka ule ubao wako wa kwanza, mbuzi yake. Nilidhani niliitupa kwenye kuni. Akainama, akauvuta kutoka chini ya kitanda chetu, umefungwa kwenye khanga. Alisema ni mbuzi ya mama yake, asingeiacha iungue kwa sababu ya baba mtu na mtoto wake. Miaka yote tumeilalia.

Nilikuja nayo karakana. Nilitaka kupasha moto chuma niandike jina lako pale chini, liwe kubwa, kila mtu alione. Nikaugeuza ubao. Nikakuta umeshaandika, kwa penseli, kwa mwandiko ule wa shuleni wenye herufi za kulala: Baba na Somoe.

Uliandika hivyo wakati ambapo nilikuwa sijakupa hata msumari mmoja. Baada ya randa, baada ya mafundi kukucheka, ulikwenda ukakaa peke yako na maboksi yako, na ulipomaliza ukaniweka mbele. Nililia, Somoe. Vijana wakajifanya wanatafuta futi ya kupimia.

Chapa ya zamani nimeikata kwa grainda. Mpya nimeichomelea jana na kila mashine itakayotoka hapa kuanzia sasa itakuwa nayo. Nimefuata maneno yako, ila nimeyageuza mpangilio: Somoe na Baba.

Ubao wenyewe uko chini kabisa ya begi lako, umezungushiwa masweta, mama yako ameridhia. Ukiwaonyesha huko watauona kama ulivyotoka mkononi mwako, na misumari yake, na mistari iliyokatwa, na bati la kopo la maziwa. Jana nilikuwa nao juu ya benchi mchana kutwa, na karatasi ya msasa ilikuwa hapa karibu na mkono wangu.

Sijaugusa.

Baba yako,
Bakari